NAMBARI YA SIRI YATOSHA: HATUTAKI KIPANDE CHA KAUNTA

Ndugu wanachama, ndugu wafanyakazi wa Kisauni,

Kuna tangazo limebandikwa katika duka moja kubwa la vyakula huku kwetu, ng'ambo hii ya daraja la Nyali. Tangazo lasema: "Wenye kadi za msaada waonyeshe kitambulisho." Halisemi wateja wote. Halisemi wenye kulipa kwa simu, wala wenye kadi za benki. Lasema wenye kadi za msaada tu. Tumelisoma, tumelizungumza katika mkutano wa tawi, na leo twasema wazi shauri letu: tangazo hilo ling'olewe.

Jambo lenyewe lilitokea hivi. Katika mwezi wa Ramadhani wafadhili fulani waligawa kadi za chakula kwa wajane na wazee. Kila kadi ilitiwa shilingi 3,000, na kila mwenye kadi akapewa nambari yake ya siri. Kabla ya kupewa, wazee wale walipanga foleni kutwa nzima. Walitoa vitambulisho vyao vikatazamwa, nambari zikaandikwa, wakatia sahihi au kidole. Mmoja wao ni mjane wa mwenzetu aliyekuwa kuli bandarini miaka mingi. Miguu yake imevimba, hawezi kusimama. Basi akamtuma mjukuu wake, msichana wa miaka 13, akampa kadi na nambari ya siri, akamwagiza unga, mchele, mafuta na tende.

Mbele ya mtoto yule alisimama bwana mmoja na toroli lililojaa hadi juu. Bwana akalipa kwa simu, akabonyeza nambari yake ya siri, akaenda zake. Hakuulizwa jina lake wala la babake. Ilipofika zamu ya mtoto, karani wa kaunta akaitazama kadi, akasema, "Nenda kamwite nyanyako, aje mwenyewe na kitambulisho." Mtoto akavirudisha vitu rafuni kimoja kimoja, watu wanamtazama. Magharibi ile nyumba ile ilifuturu kwa chai ya rangi na muhogo.

Kesho yake mama mzee akapakiwa kwenye bodaboda, shilingi 100 kwenda na 100 kurudi, fedha za kukopa. Alipofika, kitambulisho chake kikaonekana kimefutika sura, maana kimekaa katika fundo la leso miaka na miaka. Akaambiwa hafanani na picha. Chakula alikipata siku ya sita, baada ya mtu wa wale wafadhili kupiga simu dukani. Na mtu huyo alitwambia kwamba wao hawakuagiza duka lolote kudai vitambulisho.

Tulituma wajumbe watatu kwa meneja wa duka. Alituketisha vizuri, akatujibu kwa adabu, hilo twalikubali. Tukamwuliza, "Ni sheria gani yakutaka uwadai wateja hawa kitambulisho?" Hakutuonyesha. Tukamwuliza, "Mbona yule anayelipa kwa simu humdai?" Akasema, "Ule ni utaratibu wa simu, huu ni utaratibu wa duka." Basi, ndugu zetu, shauri hili tumelipima kwa jibu hilo.

KAZI YA OFISI NA KAZI YA KAUNTA

Kuna mambo mawili hapa, na watu wengi huyachanganya. La kwanza ni kujua nani astahili kupewa msaada. La pili ni kujua kama fedha iliyomo katika kadi ni halali kununulia chakula.

La kwanza ni kazi ya ofisi inayogawa. Hapo kudai kitambulisho si vibaya. Msaada ni kidogo, wahitaji ni wengi, na hatutaki mtu mmoja ajiandikishe mara tatu hali mwingine hapati hata mara moja. Lakini kazi hiyo hufanywa mara moja, kabla kadi haijatolewa.

La pili ni kazi ya kaunta, na chombo chake ni nambari ya siri. Nambari ikikubali, fedha imo, chakula kitoke. Tangu mwaka 2007, M-Pesa ilipoanza, Wakenya tumeizoea nambari ya siri. Mtu hulipa kodi ya nyumba kwayo, hununua mabati na saruji kwayo, na hakuna mwenye duka amwambiaye, "Leta kwanza kitambulisho." Kwa wakala wa kutoa fedha taslimu, kweli, kitambulisho hudaiwa, na hudaiwa kwa kila mtu, mkubwa kwa mdogo. Lakini anunuaye kitu dukani kwa simu hadaiwi. Ikiwa nambari ya siri yatosha kwa shilingi 50,000 za tajiri, kwa nini isitoshe kwa shilingi 3,000 za mjane?

Tena kadi ya chakula ni ya nyumba nzima. Mwenye nyumba akiwa mgonjwa, mzee au kilema, atamtuma nani ila mwanawe, mjukuu wake au jirani? Mtu akishasema "aje mwenyewe," amekwisha kumnyima yule ambaye msaada uliwekwa kwa ajili yake. Mwenye miguu mizima atakwenda. Asiyeweza kwenda atakaa na njaa, na kadi i mkononi mwake.

KIPANDE TWAKIJUA

Wazee wetu walikijua kipande, na vijana yafaa wajue. Sheria ya kuwaandikisha Waafrika ilipitishwa mwaka 1915, ikaanza kutumika baada ya Vita Kuu ya Kwanza kwisha. Mwanamume Mwafrika akitimiza miaka 16 alilazimishwa kubeba karatasi yenye alama za vidole vyake na habari za kazi yake, ndani ya kijaluba cha chuma, na wengi walikitundika shingoni kwa kamba. Tajiri ndiye aliyeandika siku ya kuingia kazini na siku ya kutoka. Tajiri asipotia sahihi, mtu hakuweza kupata kazi pengine, na akitoroka alisakwa kama mwizi. Mzungu hakubeba kipande, Mwafrika alibeba. Kipande kilikuwa moja katika malalamiko ya Harry Thuku na wenzake, na Thuku alipokamatwa mwaka 1922, watu waliokusanyika Nairobi kumdai tarehe 16 Machi walipigwa risasi, wakauawa wasiopungua 21.

Hatusemi kwamba kitambulisho cha leo ndicho kipande kile. Kitambulisho cha leo ni haki ya raia, na Katiba ya mwaka 2010, Ibara ya 12, yasema hivyo. Lakini ubaya wa kipande haukuwa karatasi yake. Ubaya wake ni kwamba watu wa namna moja tu walitakiwa kujieleza wao ni nani kila walipokwenda kutafuta riziki, na wengine wakapita bila kuulizwa. Ubaya huo wapi hauonekani katika tangazo la duka lile?

ASIYE NACHO ATAKULA NINI?

Meneja alitwambia, "Kila Mkenya ana kitambulisho." Bwana huyu hajakaa Kisauni siku nyingi. Atembee Mtopanga, Mshomoroni na Junda, aulize. Sisi watu wa pwani twajua maana ya kuambiwa ulete cheti cha kuzaliwa cha babu, aliyezaliwa zamani ambapo vyeti havikutolewa. Kisauni hii ndiyo yenye Frere Town, kijiji walichowekwa watumwa waliokombolewa, tangu mwaka 1875. Kengele yao ndiyo iliyopaita mahali pale Kengeleni. Mjukuu wa mtu aliyeshushwa kutoka jahazini na minyororo, ukimwuliza babu yake alizaliwa kijiji gani, akujibu nini?

Mwaka 2016 Wamakonde wa Kwale walifunga safari mpaka Nairobi kudai vitambulisho, watu waliozaliwa hapa na kufanya kazi hapa maisha yao yote. Wapemba wa pwani walingoja mpaka mwaka 2023 ndipo wakatambuliwa. Mwezi wa Februari 2025 Rais Ruto alitangaza kuondolewa kwa uchunguzi wa ziada waliokuwa wakifanyiwa watu wa kaunti za mipakani wanapoomba kitambulisho. Ikiwa serikali yenyewe ilikiri kwamba mlango ulikuwa mwembamba, mwenye duka apata wapi nguvu ya kusema kila mtu amekwisha kupita?

Na aliyenacho hukipoteza. Nyumba huungua, mvua za masika huingia ndani, mifuko hukatwa katika matatu. Mwaka 2024 ada ya kupata kingine badala ya kilichopotea ilipandishwa kutoka shilingi 100 hadi shilingi 1,000. Kwa mwenye kadi ya shilingi 3,000, hiyo ni thuluthi ya chakula chote. Katika kesi ya Huduma Namba, mwezi wa Januari 2020, majaji wa Mahakama Kuu walikiri kwamba wako watu wanaoweza kuachwa nje kwa kukosa hati au kwa alama zao za vidole kutosomeka. Sisi hatuhitaji jaji kutwambia habari ya vidole. Mtazame mchonga mawe wa machimbo, au mtu aliyebeba magunia ya saruji miaka 20, umwambie akuonyeshe ncha za vidole vyake.

WASEMAVYO NA JIBU LETU

Wasema, "Kadi zaibwa." Ni kweli, zaweza kuibwa. Lakini kadi iliyoibwa bila nambari ya siri ni kipande cha plastiki tu. Mwenye kadi akiona imepotea, na apewe nambari ya simu ya kupiga ili ifungwe saa ile ile, kama zifungwavyo kadi za benki. Hiyo ndiyo dawa ya wizi.

Wasema, "Watu huwanyang'anya wazee kadi na nambari zao." Neno hili ni zito na hatulipuuzi. Tazameni lakini mambo ya Kakuma. Mwaka 2015 Shirika la Chakula Duniani lilianzisha huko mpango ulioitwa Bamba Chakula, na mwaka 2016 likaupeleka Dadaab. Mkimbizi alipewa laini ya simu iliyotiwa thamani ya chakula pamoja na nambari ya siri, akanunua kwa wafanyabiashara walioandikishwa. Mpango ulikuwa mwema kuliko kupanga foleni ya magunia, maana mtu alichagua mwenyewe chakula chake. Lakini watafiti waliokwenda Kakuma na Kalobeyei waliandika kwamba wakimbizi hukopa chakula madukani kabla msaada haujaingia, na wenye maduka wengine hushika kadi zao na nambari zao za siri kuwa rehani ya deni.

Basi, aliyeishika kadi ya mnyonge huko alikuwa nani? Alikuwa mwenye duka. Na huyo ndiye atakiwaye leo awe mkaguzi wa vitambulisho! Fisi hapewi bucha kulinda. Mwenye duka akiwa na kadi yako, nambari yako, na sasa nambari ya kitambulisho chako imeandikwa katika daftari lake, umebaki na nini?

Hilo la daftari nalo tuliliona kwa macho yetu. Daftari li wazi juu ya kaunta, majina na nambari za vitambulisho, na kila apitaye aweza kusoma ni nani katika mtaa wetu anayekula kwa msaada. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 yataka habari za mtu zikusanywe kwa sababu iliyo wazi, na zisizidi zile zinazohitajika. Nambari ya kitambulisho yahitajika kwa kazi gani katika kuuza kilo mbili za unga?

MAMBO YA NCHI NYINGINE

Wasidhani twabuni. Marekani, nchi ya matajiri, ina mamilioni ya watu wanunuao chakula kwa kadi ya serikali yenye nambari ya siri. Sheria ya huko yamkataza mwenye duka kumtendea mnunuzi wa kadi hiyo tofauti na wanunuzi wengine. Mwaka 2013 jimbo la Massachusetts lilianza kutia picha ya mwenye kadi juu ya kadi zile. Lakini watu wa nyumba moja na mwenye kadi hawakupoteza haki yao ya kuitumia, ijapokuwa sura zao si ile ya kwenye picha.

Tazameni na India. Huko watu maskini hupata nafaka katika maduka ya mgawo, na serikali ikaamuru kadi za mgawo zifungamanishwe na nambari ya kitambulisho cha Aadhaar. Mwaka 2017, katika jimbo la Jharkhand, alikufa msichana wa miaka 11. Kadi ya nyumba yao ilikuwa imefutwa kwa kutofungamanishwa. Mamake alisema ameuawa na njaa. Wakubwa wakasema ni malaria. Sisi hatukuwapo, hatuamui. Lakini kwamba kadi ilifutwa na nafaka ikakatwa, hilo lajulikana. Mwaka 2018 Mahakama Kuu Kabisa ya India iliiacha Aadhaar iendelee katika misaada ya serikali, lakini ikasema mtu asinyimwe haki yake kwa sababu mashine imeshindwa kumtambua. Yafaa tujifunze kwa msiba wa wenzetu kabla haujawa wetu.

KARANI WA KAUNTA NI NDUGU YETU

Wengine katika mkutano walimlaumu karani aliyemrudisha mtoto. Sisi hatumlaumu. Yeye ni mfanyakazi kama sisi, husimama kutwa, na amri hakuitoa yeye. Tulizungumza naye baada ya kazi. Alitwambia kwamba kadi ikigunduliwa kuwa na kasoro, hasara hukatwa katika mshahara wake. Basi afanyeje? Amefanywa askari pasipo mshahara wa askari, na akikosea analipa yeye. Tajiri amejikinga kwa pande mbili: upande mmoja njaa ya mjane, upande wa pili mshahara wa karani. Ndipo tusemapo kwamba shauri hili ni la chama cha wafanyakazi, wala si la wafadhili peke yao.

Tena asiwepo mwanachama asemaye, "Mimi nina kazi, kadi za msaada zanihusu nini?" Kumbukeni mwezi wa Aprili 2020, Mombasa ilipofungwa kwa sababu ya Korona, mtu asitoke wala asiingie. Hoteli za pwani zilifunga milango. Wapishi, wahudumu na madereva walirudishwa nyumbani, wengi bila mshahara. Mwaka ule Shirika la Chakula Duniani lilianza kupeleka fedha za chakula kwa simu katika mitaa ya Nairobi, kisha likaleta na Mombasa. Watu waliokuwa wakitoa sadaka wiki moja kabla walijikuta wanapokea. Hakuna aliyejua siku yake.

Wala mtu anayekula kwa kadi si mwombaji. Wafanyakazi wa Mombasa walipogoma mwezi wa Januari 1947, wa bandari, wa reli, wa hoteli na wa majumbani, walikutanika siku baada ya siku katika uwanja walioupa jina Kiwanja cha Maskini. Hawakuona haya kwa jina hilo. Walidai mshahara wa kuwashibisha, kwa sababu walijua kwamba mji mzima ulikula kwa mikono yao. Mjane tunayemsema, mumewe alipakua meli za nchi hii. Shilingi 3,000 hizo asionekane kaziiba.

TWATAKA NINI

Katiba yetu, Ibara ya 43, yasema kila mtu ana haki ya kutokuwa na njaa na ya kupata chakula cha kutosha. Ibara ya 27 yakataza ubaguzi. Kwa hiyo twadai haya:

1. Tangazo la duka lile liondolewe, na daftari la majina lifungwe na kuharibiwa.

2. Mwenye kadi ya chakula, au aliyetumwa naye, akitoa kadi na nambari ya siri iliyokubalika, auziwe kama mteja yeyote. Duka likitaka kitambulisho, na likitake kwa kila alipaye kwa simu na kwa kadi ya benki, tuone kama matajiri watakubali.

3. Kitambulisho kitazamwe na ofisi inayogawa, siku ya kuandikisha na siku ya kutoa kadi mpya badala ya iliyopotea. Asiye na kitambulisho asifukuzwe. Wazee wa mtaa na majirani wamshuhudie.

4. Wafadhili na serikali watie neno hili katika mapatano yao na kila duka, na duka likivunja lifutwe katika orodha. Duka lishikalo kadi ya mtu kwa deni lifutwe vilevile.

5. Hasara ya kadi isikatwe katika mshahara wa karani.

Wajumbe wetu watarudi kwa meneja wiki ijayo na barua yenye madai haya matano. Barua ipo katika ofisi ya tawi. Kila mwanachama aje atie sahihi, na asiyejua kuandika atie kidole. Naye karani wa duka lolote aliyekatwa mshahara kwa ajili ya kadi, aje atueleze, jina lake hatutalitoa. Na wewe uliyesoma karatasi hii, mpe jirani aisome, na asiyejua kusoma msomee.

Ukiwa katika foleni ukaona mzee au mtoto anarudishwa kwa ajili ya kadi, usinyamaze. Mwulize meneja kwa adabu, na kwa sauti ya kusikika, swali moja tu: "Mimi mbona hukunidai?"

Umoja ni nguvu.